Vitu Vilivyogawiwa Alhamisi

Peniel Kitundu si mtu wa kuandikwa kwenye gazeti. Ni fundi kompyuta, mwembamba, mpole kupita kiasi, mtu ambaye mteja anaweza kumletea mashine iliyomwagiwa uji wa mtoto na kumwambia imezima yenyewe, naye akajibu tu, "Sawa mzee, tutaiangalia." Mimi ningemrudisha na uji wake. Kibanda chake kilikuwa Mandewa, pale Singida mjini, mlango wa bluu, na ndani mashine za watu zimepangwa mpaka darini.

Amezaliwa Kiomboi, Mnyiramba wa baba na mama. Baba yake, Andrea, alikuwa seremala. Mama yake, Rahabu, ni mkulima wa alizeti na mwanakwaya ambaye sauti yake ukiisikia mara moja utaitambua hata gizani. Peniel alimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja, akashuka Singida kupiga chapa barua kwenye steshenari ya mtu. Siku moja kompyuta ya pale ikagoma, mwenye duka hayupo, foleni ya watu imefika nje. Peniel akaifungua kwa kisu cha kupaka siagi. Ikawaka. Tangu hapo hajafanya kazi nyingine. Alimwoa Yustina, binti wa Itigi, muuza asali mwenye mdomo mwepesi, wakapata mtoto mmoja wa kike, Eliana.

Kila mtu ana ulevi wake, na wa Peniel ulikuwa gemu. Wala si lile la mpira ambalo vijana wanagombania. Yeye alipenda gemu la malori. Unapakia mzigo, unaendesha barabara za Ulaya saa zima, theluji inaanguka, wipa zinapangusa kioo, hakuna kinachotokea mpaka unafika. Yustina alikuwa akimcheka kwamba anatoka kazini anaingia kazini. Lakini kwa ajili ya malori hayo Peniel aliijenga kompyuta yake kwa miaka minane, kipande kwa kipande, RAM kutoka mashine ya mnadani, kadi ya grafiki ya mtu aliyehama, feni tatu za makabila matatu. Ukiiwasha ilinguruma hadi jirani anajua Peniel amerudi.

Mwaka jana mwezi wa sita alipata kazi nzuri ya kufufua kompyuta za shule moja ya bweni, na akaamua kujitendea mema. Akaagiza vitu vipya Dar, vikaja kwa basi: madabodi, prosesa, kadi ya grafiki, kibodi, spika, kiti cha kukalia, na kasha lenye kioo ubavuni ambalo ndani yake taa zinabadilika rangi. Alifunga kwa siku mbili, hataki kusemeshwa. Alipobonyeza kuwasha, taa zikaja, lakini sauti hakuna. Feni za siku hizi hazingurumi.

"Imewaka au bado?" Yustina akauliza kutoka mlangoni.

"Imewaka."

"Mbona kama hakuna mtu humu?"

Peniel akacheka. Mezani vilikuwa vimebaki vitu vya zamani, vyote vizima, na kwa watu wa kwetu kitu kizima hakitupwi. Akapiga hesabu ya ndugu zake. Ile kompyuta ya kale, madabodi yake, kadi yake, diski yake, angeirudisha kwenye kasha lake la zamani na kuipeleka kwa mama, ili watoto wa dada yake Loyce, wanaoishi uani pale pale, wajifunzie. Kiti cha zamani kingemfaa baba mdogo Leonidas, ambaye mgongo unamsumbua. Spika zingekwenda kwa binamu yake Aneth, mwalimu wa kwaya. Kibodi na mausi kwa Clement, mwenye steshenari pale Kiomboi. Vile vya kuvaa masikioni, kwa Loyce mwenyewe.

Hapo ndipo alipokosea, na halikuwa kosa la mtu mjinga. Lilikuwa kosa la mtu mwenye adabu. Angeweza kutuma vile vitu kwa basi. Angeweza kuvimwaga vyote kwa mama yake na kuwaita ndugu waje kuchukua. Lakini alilelewa kwamba ukimpa mkubwa kitu unampelekea, unaanza na aliye juu, unamaliza nyumbani. Basi mwezi wa saba akapanda gari la Kiomboi Alhamisi asubuhi, akaanza kugawa nyumba kwa nyumba, kwa mkono wake.

Leonidas alikuwa nje anapiga alizeti kwa fimbo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, baba. Umekuja na kiti."

"Ni chako. Kwa ajili ya mgongo."

Mzee akakitazama kile kiti, akamtazama aliyekileta, fimbo bado iko mkononi. "Na wewe utakalia nini?"

"Nimenunua kipya."

"Kiko wapi hicho kipya?"

"Kiko Singida."

Leonidas akaweka fimbo chini. Akavua kofia yake, akaishika mkononi. "Andrea naye alisema viko Singida."

Sasa niwaambie, maana bila hili hamtaelewa kwa nini mtu mzima alivua kofia mbele ya kiti. Peniel alipokuwa na miaka tisa, baba yake aliamka Alhamisi moja ya kiangazi akaanza kugawa vitu vyake. Msumeno alimpa Leonidas. Randa alimpa seremala mwenzake. Baiskeli ilikwenda kwa shemeji. Jioni akamaliza nyumbani, akampa Peniel redio. Walipomuuliza alicheka, akasema ameagiza vipya mjini Singida, vinakuja wiki ijayo. Hakuwa mgonjwa. Alikula vizuri, Jumapili akaenda kanisani. Jumatatu mkewe alikwenda kisimani, na aliporudi alimkuta amekaa kwenye kigoda, ameegemea ukuta, ameshaondoka. Baada ya msiba Leonidas alishuka Singida kuvitafuta vile vipya, duka kwa duka, siku mbili. Hakuna aliyewahi kumsikia Andrea Kitundu.

Waswahili wanaita uchuro, jambo dogo linaloita jambo kubwa. Peniel hakuwa amekisahau kisa hicho. Ila mtu hawezi kukaa na kisa kama hicho usoni miaka ishirini na tano. Alikuwa amekiweka mahali, akaishi.

"Basi nirudi nacho, baba mdogo," alisema, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza.

"Kikishagawiwa hakirudi," Leonidas akamjibu. "Kukurudishia ni kukukabidhi mzigo wako wa njiani. Nenda kamalize ulichoanza."

Simu ilitembea haraka kuliko yeye. Alipofika kwa Aneth, spika zilipokelewa kwa mikono miwili na kuwekwa chini bila kuzijaribu, na watoto wakaitwa mmoja mmoja waje wamsalimie mjomba. Clement aliichukua kibodi, akaikung'uta vumbi ambalo halikuwepo, kisha akamuuliza kwa upole kama amepima presha siku za karibuni. Peniel alisema hajapima. Clement akasema si vibaya kupima.

Mama yake alimsubiri sebuleni, na hakumpa nafasi ya kueleza. Alimwacha aifunge ile kompyuta kwenye meza ya pembeni, aunganishe nyaya, aiwashe. Ikanguruma kama kawaida yake, watoto wa Loyce wakashangilia, wakafukuzwa nje. Mama Rahabu akavuta kiti, akaweka kiganja juu ya kasha.

"Ina joto la mtu."

"Ni kadi hiyo, mama. Inapata moto."

"Na hii sauti?"

"Feni."

"Inapumua," mama akasema. Akasikiliza kidogo. "Vya ndani vyote vilikuwa vyako? Hakuna ulichobakiza?"

"Nibakize nini, mama? Nimenunua vipya."

"Nioneshe."

Hapo Peniel alifurahi, maana hapa ndipo alipotofautiana na baba yake. Vyake vilikuwepo kweli. Akatoa simu, akamwonesha picha ya mashine mpya, kasha, kioo, taa za zambarau. Mama akaishika simu karibu na macho, akaikuza picha kwa vidole viwili jinsi wajukuu walivyomfundisha.

"Nani alipiga?"

"Mimi."

"Kioo hiki kinaonesha dirisha lenu. Kinaonesha na kitanda. Wewe uliyepiga uko wapi?"

Peniel akaitazama. Kitanda kilionekana, dirisha lilionekana na pazia lake, na mahali ambapo palipaswa kuwa na mtu ameshika simu palikuwa na ukuta. Akaeleza habari ya mwanga na pembe ya kioo, akaeleza vizuri sana, kama fundi. Mama akasema sawa, akamrudishia simu, akaenda kumpikia.

Ijumaa alirudi Singida. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi simu ikaita, ni Leonidas.

"Umeamka?"

"Nimeamka, baba mdogo. Shikamoo."

"Haya," akasema Leonidas, akakata.

Dakika tano baadaye Aneth, swali lile lile. Kisha Clement. Kisha watu ambao hakujua kama wana namba yake. Wote walitaka kujua ameamka, na wakishajua hawakuwa na la zaidi. Saa tatu akapigiwa na shangazi yake wa Kinampanda, ambaye walikuwa hawasemezani miaka sita kwa ajili ya mpaka wa shamba. Shangazi alimwambia kwamba amemsamehe. Jamani, hakuna kinachotisha duniani kama kusamehewa bila kuomba.

Yustina kwanza alicheka mpaka akakaa chini. "Kwetu Itigi mtu akikupa kitu unasema asante, unatumia. Nyie ndugu zako wanakuchimbia kaburi kwa ajili ya spika?" Lakini alimwona mumewe anavyoshika kifua na kuachia, anavyoangalia nyaya za umeme kabla ya kugusa swichi alizozigusa maisha yake yote, na kicheko kikapungua.

Peniel akaona ajitulize kwa kitu anachokijua. Akakaa mbele ya mashine mpya, akafungua gemu lake la malori. Gemu likamuuliza jina la dereva. Akaandika. Likamjibu kwamba dereva huyo hayupo, aanze upya. Alijua sababu, mtoto mdogo angejua: safari zake zote zilikuwa kwenye diski ya zamani, na diski iko Kiomboi. Miaka minane, kilomita maelfu kwa maelfu, na hapa mbele yake zimeandikwa sifuri. Chumba kilikuwa kimya, mashine haina sauti, taa zinapita kutoka buluu kwenda nyekundu. Aliogopa. Akaizima, akatoka kukaa barazani mahali penye watu.

Mchana huo huo mama yake akashuka kwenye gari la Kiomboi na mzigo ambao konda alilalamika mpaka akachoka. Palikuwa na sufuria kubwa ile ya sherehe, ambayo nusu ya harusi za mtaa wao zimepikiwa. Palikuwa na kinu na mchi wake, saa ya ukutani, furushi la kanga. Na juu ya gari, vimefungwa kamba, vipande vya kitanda: miguu minne, mbao za ubavuni, kichwa chake chenye maua ya kuchonga. Andrea alikitengeneza kitanda hicho mwaka aliooa.

"Mama, unahama?" Yustina akauliza baada ya kumwamkia.

"Nimekuja kununua," mama Rahabu akasema.

Kwenye ukoo wao, alieleza, kitu kilichogawiwa kwa uchuro hakirudishwi, lakini kinaweza kununuliwa. Kikinunuliwa, basi hakikugawiwa. Ni biashara tu, na mfanyabiashara haagi mtu. Masharti ni mawili. Utoe kitu chenye uzito, na anayeuza akipokee kwa mkono wa kulia na kukiri. Bibi yake aliwahi kumwambia hayo, na Andrea alipogawa, yeye alikuwa mke wa kuolewa tu, akaona aibu kuyasema mbele ya watu wa mume.

Wakasimama sebuleni, mchana kweupe, redio ya jirani inaimba.

"Sufuria hii ni ya kile kiti cha Leonidas," mama akasema. "Umeniuzia?"

Peniel alitaka kucheka. Akaona macho ya mama yake, kicheko kikaisha. "Nimekuuzia."

Kinu kililipia spika za Aneth. Saa ililipia kibodi ya Clement. Kanga zililipia kile cha masikioni cha Loyce. Kitanda kililipia kompyuta yenyewe, na hapo mama alisema maneno marefu kidogo, kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini, na akamfanya Peniel aguse vile vipande vyote, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Kisha akaomba maji ya kunywa. Leonidas alipopigiwa simu na kuambiwa, alisikika akivuta pumzi kwa nguvu, akasema Mungu ni mwema.

Sitawadanganya, Peniel alijisikia mwepesi. Anajiona msomi wa vitu vya umeme, haamini mambo hayo, lakini usiku ule alilala kama mtoto. Jumapili wakaenda kanisani wote. Jumatatu asubuhi mama akaaga mapema, ana kimkoba kimoja tu mkononi, akasema alizeti zake ziko nje na kuku wa watu hawana haya. Akamshika Eliana kichwani muda mrefu, akapanda gari.

Siku hiyo Peniel hakufungua kibanda. Yustina hakumruhusu hata kupanda kiti kubadilisha balbu. Saa nne ikapita, saa nane ikapita, jua likaenda zake Magharibi. Ilipofika saa kumi na mbili na ushee Peniel alikuwa bado anapumua, ana njaa, na amekwishaanza utani. Wakaamua kile kitanda wamfungie Eliana, kwa kuwa cha kwake kilikuwa hakimtoshi tena. Yustina alikuwa ameshika ubao mmoja, Peniel anakaza, ndipo mkewe akasema jambo bila hata kuwaza.

"Mama leo analala wapi?"

Mkono wa Peniel ukasimama.

Sufuria ilikuwa kwenye kona. Kinu kiko kando yake. Saa imeshatundikwa ukutani, inapiga. Vitu vyote vya mama viko hapa. Alivileta mwenyewe, kwa mkono wake, akaanza na cha mkubwa, akamaliza na cha nyumbani.

Akapiga simu, ikapokelewa na dada yake Loyce. Mama amefika salama, alisema Loyce, ameoga, amekataa kula, na ametandika mkeka chini karibu na ile kompyuta. Amesema humo sebuleni kuna joto. Mwezi wa saba Kiomboi hakuna joto popote, hata jikoni.

"Nipe nimsikie."

Nyuma ya sauti ya mama yake Peniel aliisikia mashine yake ya zamani ikinguruma.

"Mama, ulikuja kununua au ulikuja kugawa?"

"Umeamkaje leo?" mama akauliza.

"Nijibu, mama."

"Ukitoa umetoa, mwanangu. Kuita ni kununua au ni kugawa ni juu ya mtoaji." Kisha akasema kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele, "Baba yako alinipa siku nne, nikaenda kisimani. Safari hii sikwenda kisimani. Lala sasa."

Jumanne asubuhi Peniel alikodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, akapakia sufuria, kinu, saa, kanga na kitanda, akapanda Kiomboi. Mama yake alimpokea mlangoni na hakuondoka mlangoni. Hakuna kilichoingia. "Ukinirudishia umejigawa upya," alimwambia, "na mimi sina kitu kingine cha kukununulia." Peniel akaeleza, akasihi, akalia. Ni kweli, alilia, mtu wa miaka thelathini na minne, na dereva wa kirikuu akaenda kusimama kwenye kivuli. Aliona jinsi mlango ulivyofungwa pande zote. Akirudisha, anagawa. Akinunua kitu kipya ampe, anagawa. Mkono wowote wenye kitu ulikuwa mkono wa kuaga. Vile vitu vikarudi Singida na dereva, na Peniel akabaki mikono mitupu.

Mama alikuwa ametoa vitu Jumamosi, kwa hiyo siku ya nne ilikuwa Jumatano. Jumatano Peniel hakumwacha hata hatua tano. Mama akienda chooni, Peniel anasimama nje anakohoa, mama anakohoa kujibu. Ikapita. Leonidas akaja na mawazo yake kwamba labda siku zihesabiwe tangu alipoondoka Singida, ile Jumatatu. Basi Ijumaa nayo ikalindwa, ikapita. Alhamisi iliyofuata ikalindwa kwa sababu ilikuwa Alhamisi. Jumatatu ikalindwa kwa sababu ilikuwa Jumatatu.

"Mgeni siku mbili," mama yake akasema, "ya tatu mpe jembe." Alisema kwa utani, akitegemea ataona haya na kurudi kwake. Peniel akachukua jembe.

Mvua zikaja, akalima naye, mstari kando ya mstari. Kwaya ikiimba, anakaa benchi la nyuma. Akatumiwa vifaa vyake kwa basi, akaweka meza barazani, akawa anatengeneza simu za watu huku sikio moja liko ndani. Mama akinyamaza sana, anaita, "Mama." Mama anajibu, "Nipo." Mara nyingine kwa siku wanaitana mara arobaini. Wapita njia wameshazoea. Sebuleni ile kompyuta haizimwi, ila umeme ukikatika, na ukikatika Peniel anaacha alichoshika na kwenda kukaa karibu na mama yake mpaka urudi. Mkiniuliza kwa nini, sijui, na yeye hajui. Anasema tu kwamba kimya kile hakipendi.

Yustina alivumilia, akagombana, akavumilia tena. Mwezi wa nne mwaka huu, shule zilipofungwa, alikuja Kiomboi na Eliana. Peniel aliwaona wanashuka njiani, akasimama, lakini hakwenda kuwapokea, maana mama alikuwa ndani. Eliana alikuwa amerefuka. Alikuja mpaka barazani, akasimama mbele ya meza yenye simu zilizofunguliwa, akainamisha kichwa kidogo kama alivyofundishwa kwa watu wazima asiowajua vizuri.

"Shikamoo," alisema, akampita kwenda kwa bibi yake.

Peniel akaitikia marahaba. Alichukua bisibisi, akaiweka chini, akaichukua tena.

Walikula. Baada ya chakula mama Rahabu akamwambia Loyce awachukue watoto wote uani, akabaki sebuleni na mkwe wake na mwanawe, mashine inanguruma pembeni. Hakupandisha sauti.

"Mama Eliana, kibanda chake kina nani sasa?"

"Kuna kijana anauza chipsi," Yustina akasema.

"Ile mashine yake mpya?"

"Nimeifunika shuka. Haijawashwa."

"Na watu wa Mandewa wakiulizana habari zake, wanasemaje?"

Yustina akamtazama mumewe, akatazama chini.

"Wanasema alikuwa fundi mzuri, mama."

Mama Rahabu akatikisa kichwa polepole. Ana miaka sitini na saba, mgongo umenyooka, hana hata kikohozi. Akamgeukia Peniel, akamshika mkono ule wa kulia aliopokelea vitu, akaushika kwa viganja vyake viwili.

"Nilidhani nimekununua," alisema. "Nimekaa nikikutazama miezi tisa, nikisema labda kesho. Ile Jumatatu haikukukosa, mwanangu; ilikuchukua ukiwa unapumua."

Peniel akafungua mdomo ajibu. Kutoka uani walimsikia Eliana akiwaeleza watoto wa shangazi yake, bila huzuni yoyote, jinsi baba yake alivyokuwa akiendesha malori.